Chapa ya Mkono wa Kushoto

Dada yangu alikuwa na miaka hamsini na mmoja na hakuwa amewahi kucheka mbele ya mteja. Asubuhi ile ya Jumanne alikuwa amebanwa na muhuri wa chuo cha ushonaji, na mimi niko mbele napanga risiti, pale alipoingia mwanamume mrefu mwenye mvi za pembeni. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mikononi tu, mgongo umeachwa ujitegemee. Shingoni alikuwa amejitundikia kioo cha kukuzia kwa kamba ya kiatu. Hicho kioo ndicho kilichonifanya nimwite Bwana Lenzi, kwanza moyoni, halafu kwa mdomo, na mwisho hata wateja wengine wakamwita hivyo.

Duka letu ni la mihuri. Baba alituachia sisi mabinti zake wawili. Mimi nakaa mbele: napokea wateja, naandika risiti, naongea. Dada anakaa nyuma ya pazia na jiliwa lake la kubania chuma, tupa zake na taa yenye shingo ndefu, anachonga. Mihuri ya mpira siku hizi inakatwa na mashine, hata mimi najua kuibonyeza. Lakini ile ya chuma cha pua, ambayo masonara hugongea pete na mafundi wa kufuli hugongea funguo, hiyo ni kazi ya mkono wa Dada peke yake. Wateja wanamwita Fundi. Mimi yeye ananiita Kasuku, na sijawahi kukata rufaa.

"Nimeambiwa hapa kuna mtu anayejua chuma kikigonga madini kinaacha nini," akasema yule bwana.

"Yupo," nikamwambia. "Ila haongei. Ukitaka maongezi, mimi hapa."

Akatoa mfukoni karatasi laini iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya kaunta kama mtu anayemvua shati mtoto aliyelala. Ndani palikuwa na sarafu ya fedha, pana kama kifuniko cha chupa ya dawa, yenye sura ya mfalme wa mbali ambaye pua yake ilikuwa imeliwa na vidole vya watu. Chini ya kidevu cha mfalme palikuwa na alama nyingine ndogo, mviringo usiozidi punje ya dengu, na ndani yake taji.

"Sarafu ni ya himaya moja," akaeleza, "na hii chapa ni ya himaya nyingine. Zamani serikali ya koloni ilikuwa ikipungukiwa na pesa zake, inachukua pesa za kigeni zilizoletwa na wafanyabiashara, inazigonga chapa, halafu inatangaza kwamba kuanzia leo hizi ni zetu, zitumieni."

"Yaani walichukua cha mtu wakaweka muhuri wao."

"Kwa kifupi, ndiyo."

Akaendelea. Kazi yake ilikuwa kuthamini vitu vya kale. Sarafu kama ile bila chapa ilikuwa na thamani ya jozi ya viatu vizuri. Ikiwa na chapa ya kweli, thamani yake ni paa la nyumba, mbao na mabati. Kwa hiyo wako watu wanaochukua sarafu ya viatu, wanajifungia chumbani na nyundo, na kutoka na sarafu ya paa.

"Mizani naijua," akasema. "Vitabu ninavyo. Wafalme wote hawa nawajua na pua zao. Lakini mkono wa mpiga chapa siujui. Nikisema ni ya kweli kumbe si ya kweli, nitaitwa tapeli. Nikisema si ya kweli kumbe ni ya kweli, nimemnyang'anya mama wa watu paa lake."

Mama wa watu, tukaja kujua, alikuwa mwalimu mstaafu aliyefiwa na mumewe mwaka uliotangulia. Alikuwa amempelekea sarafu kumi na moja za namna ile.

Pazia likasogea. Dada akatoka, aproni yake imejaa vumbi la chuma, hakusalimu, akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu. Bwana Lenzi akamtazama yeye, akakitazama kiganja, akaiweka sarafu pale.

Cha kwanza Dada aliigeuza nyuma.

"Wengi huanza na chapa yenyewe," akasema Bwana Lenzi.

"Nataka kuona ililazwa juu ya nini." Akapitisha ukucha mgongoni mwa sarafu. "Ukigonga mbele, nyuma panabonyea kidogo. Hapa pamebonyea bapa. Ililazwa juu ya chuma, pigo moja, na mpigaji hakuwa na woga."

Maneno yote hayo kwa mgeni! Mimi nimeishi naye tangu nizaliwe na kuna wiki sikupata idadi hiyo. Nikaacha risiti zangu.

Akaomba kile kioo. Bwana Lenzi, badala ya kukivua shingoni, akainama nacho, basi wakawa wameinamia sarafu moja, vichwa viwili kwenye kamba moja ya kiatu. Dada akatazama muda mrefu. Halafu akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, ni kile cha puani, cha mtu aliyekutana sokoni na mtu asiyemtarajia.

"Huyu ni wa shoto," akasema.

"Nani?"

"Aliyechonga chuma cha kupigia. Tazama mikunjo ya taji. Kila mkato unaanza mnene huku na kufa huku. Mwenye mkono wa kulia hawezi kukata hivi, labda asimame juu ya meza." Akanyoosha mkono wake wa kushoto chini ya taa. "Mimi ndivyo ninavyokata. Baba alinigonga vidole mwaka mzima ili nikate kama wenzangu."

Bwana Lenzi alikuwa anatazama ule mkono, na nina hakika kwa dakika hiyo sarafu ilikuwa imemtoka kabisa akilini.

Kesho yake akaja na ya pili. Keshokutwa ya tatu. Ijumaa ya nne, na safari hii shati lilikuwa limepigwa pasi hadi mgongoni.

"Samahani, Bwana Mthamini," nikamuuliza, "hizi sarafu za mwalimu si umekabidhiwa zote pamoja?"

"Zote."

"Sasa mbona unaleta moja moja?"

Akakohoa. "Ni suala la usalama," akasema. "Mtu hawezi kutembea na kumi na moja barabarani."

Ofisi yake iko ng'ambo ya barabara, juu ya duka la vioo, ghorofa ya tano. Ukisimama mlangoni kwetu unaliona dirisha lake. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeshawishika.

Dada kwa upande wake alikuwa amebadilika kwa namna ambayo ungepaswa kumfahamu ili kuiona. Alikuwa anafagia vumbi la chuma kabla ya saa tatu, wakati kwa kawaida hufagia jioni. Aproni ilifuliwa katikati ya wiki. Siku moja nikamkuta amebeba kioo cha chooni, amekileta nyuma ya pazia, anasema kinamsaidia kuona muhuri kwa kinyume. Nikamwambia ni wazo zuri, na mbona hakuwa nalo kwa miaka ishirini na nane.

"Kasuku," akasema, "kuna mteja mlangoni."

Hapakuwa na mteja mlangoni.

Lakini kazi waliifanya kweli, nisiwasingizie. Sarafu ya tano ndiyo iliyomfanya Dada amtume Bwana Lenzi kurudi kuzileta zote, usalama au hapana usalama. Akazipanga kwenye kitambaa cheusi. Alikuwa ameona kijistari chembamba kama unywele kwenye ukingo wa taji. Katika sarafu ya kwanza kilikuwa nukta tu, aliyoipita bila kuiona. Katika nyingine kilikuwepo kwenye ncha tu, katika nyingine kimefika katikati, na katika moja kimelipasua taji zima hadi kwenye mviringo.

"Ni ufa," akasema. "Chuma chake kilikuwa kinapasuka kadiri anavyogonga. Alikizima vibaya kilipotoka motoni, alikitia kwenye maji baridi badala ya mafuta, kikawa kigumu mno. Ukizipanga kwa urefu wa ufa, umezipanga kwa siku zilivyogongwa."

Wakazipanga. Walibishana juu ya mbili, wakazibadilisha nafasi, wakarudisha, mikono yao ikagongana juu ya kitambaa cheusi na wote wawili wakaomba radhi kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya daftari la risiti, mabega yananitikisika.

Moja haikupata mahali pa kukaa. Ilikuwa nzuri kuliko zote, mfalme ana pua yake kamili, taji limekaa wima kama jana. Dada akaiweka pembeni, na Bwana Lenzi akamtazama.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Jumatatu ya wiki iliyofuata sarafu zilikuwa zimekwisha kuchunguzwa zote, ripoti inaandikwa, na hakukuwa na sababu yoyote duniani ya yule bwana kuvuka barabara. Alikuja hivyo hivyo, saa nne kamili. Mimi nilikuwa nahesabu vibao vya mihuri, akili iko kwenye vibao, nikasikia mlango, nikajua ni nani, na mdomo wangu ukaenda wenyewe.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," akaitikia.

Halafu ndipo sote tukasikia nilichosema. Nyuma ya pazia tupa ilisimama katikati ya mkwaruzo. Mimi nikashika kaunta. Yeye alibaki na mdomo wazi, maana alikuwa ameshaitikia, na marahaba ikishatoka hairudishwi. Niliona kidevu chake kinaanza kutetemeka, nikadhani nimemwudhi mtu mzima wa watu, kumbe anajizuia kucheka. Akashindwa. Mimi nikashindwa. Nyuma ya pazia kitu kikaanguka sakafuni, nadhani ni tupa, na sauti ikatoka iliyofanana na birika linalokaribia kuchemka. Ilichukua muda mrefu kabla mtu yeyote hajaweza kuuliza amekuja na shida gani.

Shida yake ilikuwa sarafu. Aliingiza mkono mfukoni akaiweka kaunta: sarafu ya siku hizi, ile ya chenji.

"Nilitaka tu maoni ya Fundi," akasema, anapangusa macho.

Dada akatoka. Uso wake ulikuwa mkavu kama wa karani wa mahakama. Akaichukua ile sarafu, akaigeuza nyuma, akaitazama kwa kioo, akaigonga kwenye ukucha, akaipeleka dirishani, akairudisha.

"Hii ni halali," akatangaza. "Inanunua kiberiti kimoja."

Akarudi nyuma ya pazia. Bwana Lenzi aliishika ile sarafu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa shahada.

Ripoti ilipelekwa, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Mnunuzi, tajiri mmoja wa mji mwingine, alimkodi mtaalamu wake mwenyewe, mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji sarafu, ambaye watu humwita Profesa ingawa hajawahi kufundisha popote. Profesa akaandika barua ya kurasa mbili kwamba sarafu zote zenye kijistari kwenye taji ni za kughushi, kwa sababu kwenye orodha rasmi taji halina kijistari. Na ile moja isiyo na kasoro, akaandika, ndiyo peke yake ya kweli.

Bwana Lenzi alikuja na barua ile amepauka. Dada akaisoma akiwa amesimama, akaikunja.

"Mwite huyo Profesa," akasema. "Mwite na mwalimu pia. Mimi nitakuja na nyundo."

Kikao kikapangwa Alhamisi, saa nane mchana, ofisini kwa Bwana Lenzi. Dada alivaa gauni lake la rangi ya zambarau ambalo nilikuwa nimelisahau, na chini ya mkono amebeba mfuko wenye nyundo ya ratili mbili, kipande cha reli cha kugongea, na vipande hamsini vya shaba alivyovikata mviringo. Lifti ilikuwa imekufa. Tulipanda ghorofa tano na kile kipande cha reli, mimi nimeshika ncha moja na yeye nyingine, na kila tukifika ghorofa mpya mimi naomba tukiache hapo tuseme kimeibiwa.

Ofisi ilikuwa ndogo, vitabu hadi darini, mizani ya kioo juu ya kabati. Mwalimu alikuwa ameshafika, mama mwembamba mwenye miwani mikubwa, na mkoba amekumbatia kifuani. Profesa alikuwa ameketi kwenye kiti kizuri kuliko vingine. Kwanza ilibidi kulimaliza jambo la sarafu moja ambayo mwalimu, aliyekuwa amerudishiwa zake pamoja na ripoti, aliisugua kwa dawa ya meno ili ipendeze kikaoni. Bwana Lenzi alipoiona inang'aa vile alifumba macho.

"Nimeharibu?" akauliza mwalimu.

"Umeiosha, mama. Ile rangi ya zamani ndiyo iliyokuwa nusu ya bei yake."

"Basi nyingine sitazisugua," akasema, kama anayemwahidi daktari.

Profesa akafungua kitabu chake kikubwa akaonyesha picha ya taji. Hakuna kijistari. Akafunga kitabu. Kwake kesi ilikuwa imekwisha.

Dada hakubishana. Aliweka reli sakafuni, akapiga magoti na gauni lake la zambarau, akatoa chuma alichokichonga mwenyewe usiku na mchana kwa siku tatu, taji ndani ya mviringo, kwa mkono wa kushoto. Alikizima kwenye maji baridi makusudi, kama alivyoamini mwenzake wa zamani alivyofanya.

"Nitagonga," akasema. "Nyinyi tazameni."

Pigo la kwanza lilimwinua Profesa kutoka kwenye kiti. Vitabu viwili vikashuka rafuni. Chini, kwenye duka la vioo, mtu akapiga kelele. Dada akakitoa kipande cha shaba, akampa Profesa na kile kioo cha kamba. Taji safi, hakuna kijistari. Akagonga cha pili, cha tatu, cha nne. Mwalimu aliziba masikio mwanzoni, halafu akaanza kuhesabu kwa sauti, sauti ya darasani, na bila kujitambua Profesa naye akaanza kuhesabu pamoja naye. Ilipofika kumi na tano walikuwa wote wawili wamechuchumaa kando ya reli. Mwenye duka la vioo alipanda kuja kulalamika, akasimama mlangoni, akauliza wamefika ngapi, akaambiwa kumi na saba, akabaki.

"Kumi na tisa," wakasema wote.

Dada akakishika kipande cha kumi na tisa mbele ya dirisha. Akampa Profesa. Profesa akakitazama, akavua miwani yake, akatazama tena kwa kioo.

"Kuna unywele," akasema taratibu.

"Endelea kuhesabu," akasema Dada.

Katika ishirini na sita unywele ulikuwa umefika katikati ya taji. Katika thelathini na moja ulikuwa umevuka. Profesa alikuwa amevipanga vipande vile sakafuni kwa mstari, na kando yake amezipanga sarafu za mwalimu, na mistari miwili ilikuwa inasimulia kisa kimoja. Mwenye kughushi angenakili picha ya kitabuni, taji safi. Hakuna mtu ambaye angekaa chumbani kughushi chuma kinachozeeka.

"Naomba nigonge moja," akasema Profesa.

Dada akampa nyundo. Aligonga kwa nguvu zake zote, akiwa amefumba macho, na chuma kikapasuka vipande viwili, kimoja kikaruka hadi kwenye chai ya Bwana Lenzi. Profesa alisimama na nyundo mkononi, amefurahi kama aliyefunga bao, halafu akakumbuka yeye ni nani, akairudisha.

"Nitaandika upya barua yangu," akasema.

"Andika zote," akasema Dada. "Bado hii moja."

Akachukua ile nzuri, isiyo na ufa, ambayo Profesa aliita ya kweli. Sauti yake ilishuka, maana sasa alikuwa anaongea na mwalimu.

"Mama, tazama mikwaruzo. Hizi kumi zilitembea mifukoni mwa watu miaka mingi baada ya kugongwa, kwa hiyo kuna mikwaruzo inayopita juu ya chapa. Katika hii, kila mkwaruzo unafika kwenye ukingo wa chapa na kukatika. Maana yake sarafu ilizeeka kwanza, chapa ikaja majuzi. Na mkono ni wa kulia."

Mwalimu aliichukua ile sarafu, akaisogeza karibu na miwani yake.

"Mnajua," akasema, "hizi kumi ni za bibi wa marehemu mume wangu. Zilikuwa kwenye kopo la unga wa kahawa. Mume aliziita chuma chakavu, tukawa tunazitumia kuzuia pazia lisipeperuke. Hii moja ndiyo aliyoinunua mwenyewe. Aliitengenezea kisanduku cha mahameli. Miaka ishirini na sita haniruhusu kuigusa, anasema vidole vyangu vina mafuta."

Mdomo wake ukaanza kucheza. Nilidhani analia, nikatafuta kitambaa. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akavua miwani, akaegemea kabati la mizani, na kila akijaribu kueleza anaishia kwenye neno mahameli na kuanza upya. Mwenye duka la vioo, ambaye hakumjua marehemu wala sarafu, naye akacheka.

"Natamani angekuwepo hapa leo," akasema mwishowe, anajipangusa. "Ningekaa mbele yake tu, nimtazame." Akaifunga ile sarafu kwenye leso. "Hizo nyingine mnunuzi achague. Hii siuzi."

Mnunuzi alichukua nne, na nne zile zikaezeka nyumba ya mwalimu na kubakiza. Sita zilirudi nyumbani.

Watu walipoondoka tulishuka watatu na ile reli. Bwana Lenzi alishika ncha yangu. Tulipofika ghorofa ya tatu Dada akasema pole pole, "Amefumba macho akagonga," na hapo ikawa basi. Ilibidi tuiweke reli chini na kukaa kwenye ngazi, kila mtu kwenye ngazi yake, tunacheka bila sauti, tunashika mbavu. Watu wawili walitupita wakiomba njia.

Kicheko kilipotulia, Bwana Lenzi alitazama viatu vyake.

"Fundi," akasema. "Nimeishiwa sarafu."

"Najua," akasema Dada.

"Tangu Jumatatu ya juzi."

"Najua."

"Kwa hiyo nikija kesho, nitakuja mikono mitupu."

Dada alikuwa anapangusa goti la gauni lake, ambalo halikuwa na vumbi tena.

"Njoo," akasema.

Alikuja saa mbili kasorobo, hata shata la mlango hatujainua. Nilimfungulia, nikampa kiti. Hakuketi. Alikuwa amevaa tai.

"Naomba kuzungumza na mkubwa wa familia," akaniambia. "Wazazi wenu wamefariki, sijui niende kwa nani. Kuna kaka? Kuna baba mdogo?"

"Hakuna. Mkubwa wa familia ni yeye," nikasema, nikaelekeza kidole kwenye pazia.

Alifikiri kidogo, akajinyoosha, akaenda akasimama mbele ya pazia. Mimi nilijifunika mdomo na daftari.

"Hodi," akasema.

"Karibu," sauti ikajibu, lakini pazia halikufunguka.

"Nimekuja kwa heshima zote kuomba ruhusa. Nina nia ya kumwoa dada wa familia hii. Yule fundi."

Tupa ikaanza kwenda, taratibu, mara tatu, nne.

"Nitamuuliza," akasema Dada.

Tupa ikaendelea. Bwana Lenzi alisimama wima kabisa, mikono ubavuni, jasho linamtoka, akitazama ua lililochapwa kwenye pazia kama linaweza kumsaidia. Nilihesabu mikwaruzo kumi na miwili.

"Amekubali," akasema Dada. "Ila anasema usimharakishe, ana kazi mpaka saa tatu."

Saa tatu na nusu asubuhi nilifunga duka, jambo ambalo Baba asingelisamehe, tukaenda kunywa chai. Mimi nilimwita shemeji kila baada ya maneno mawili, maana sasa nilikuwa na kibali. Mhudumu alikuja mara tatu kuuliza tunakula nini, na mara zote tatu hakuna kati yetu aliyeweza kumaliza sentensi.